Chali wa kaseti ya mjomba

Swali lenu la wiki hii, mwanamuziki gani mweusi ulimjua ukiwa umechelewa na ulimjuaje, limenichekesha sana, maana wangu nilimsikiliza karibu miaka ishirini bila kujua kama ni mweusi. Charley Pride. Ndio, yule mwimbaji Mmarekani wa muziki wa kantri.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, Mombasa mpaka Malaba, na shule zikifungwa nilikuwa namsumbua hadi ananibeba. Kulikuwa na kaseti kama nne hivi, hii moja haina kava, imeandikwa tu na biro CHALI PRAIDI, na ikikwama hapo Mtito kazi yangu ni kuitoa na kuzungusha utepe na biro hiyo hiyo huku mjomba ananigombeza nisiukunje. Ikirudi inaanza kuyumba kama mlevi halafu inakaa sawa. Sasa mimi kichwani nilishamchora huyo Chali: mzungu, kofia pana, farasi, macho ya bluu. Si Jim Reeves na Kenny Rogers, waimbaji wenzake wa kantri, ni wazungu, huyu ataachwaje?

Desemba 2020 nafungua simu naambiwa amekufa na korona, miaka 86, na picha iko hapo. Nikajua wamekosea picha. Nikaangalia kwingine, ni mtu yule yule, mweusi kama babu yangu.

Usiku huo sikulala, nikasoma. Kumbe sikudanganyika peke yangu! Mwaka 1966 kampuni ya muziki ya RCA ilipotoa santuri yake ya kwanza iliituma kwa maredio bila picha yake, makusudi, watu waipende sauti kwanza. Alipopanda jukwaani Detroit mwaka huo huo watu walikuwa wanapiga makofi, alipotokea tu makofi yakakatika, ukumbi kimya. Yeye akafanya mzaha kuhusu rangi yake, kwamba jua limemchoma na haitoki, wakacheka, akaimba. Miaka mitano baadaye, 1971, chama cha kantri kinampa tuzo ya mtumbuizaji bora wa mwaka. Nyimbo 29 zilifika namba moja kwa chati ya kantri. Na huyu ni mtoto wa wachuma pamba wa Sledge, Mississippi, amecheza besiboli, amefanya kazi kwa kiwanda cha kuyeyusha madini Montana, yaani hakuna mtu angemwekea dau.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Kantri aliijulia kwa redio ya baba yake, kipindi cha Grand Ole Opry kutoka Nashville. Na kwa kipindi hicho hicho kulikuwa na mtu mweusi mwingine, DeFord Bailey, anapuliza hamonika mpaka unasikia treni inakuja, inapita, inapotea. Alikuwa nyota pale tangu mwanzo, miaka ya 1920. Na yeye wasikilizaji wengi wa redio wangemjuaje rangi? Mwaka 1941 wakamtoa, akabaki Nashville anang'arisha viatu. Jumba la heshima la kantri likamkumbuka 2005, mtu alishakufa 1982. Hiyo inaniuma kuliko ya Pride, sijui kwa nini, labda ni hivyo viatu.

Hapo ndio nikakumbuka watu wanavyoniambia kila siku eti mimi nasikiliza "muziki wa wazungu". Hata banjo yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa, jamani.

Kutoka hapo simu ikanipeleka kwa Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji mweusi wa nyimbo za injili, na huyu naomba mtu akipata bando amtafute leo. Ni 1964, Manchester, Uingereza, kituo cha treni kisichotumika, mvua imetoka kunyesha, watazamaji wamekaa upande huu wa reli na yeye yuko upande wa pili, mama wa makamo na koti lake zuri kama anaenda kanisani. Anaitisha gita la umeme. Anaanza kuimba wimbo wa mvua, halafu anapiga solo moja, nilirudisha mara sita nikiwa kwa matatu nikapitiliza steji yangu. Alikuwa anapiga hivyo kabla hao tunaoambiwa ndio walianzisha rock hawajashika gita.

Tekno, ule muziki wa dansi wa mashine ulioanzishwa na vijana weusi wa Detroit, nitauacha, mpwa wangu bado anabisha kwamba ni wa Wajerumani.

Asubuhi nikampigia mjomba. Mjomba, ulijua Chali ni mtu mweusi? Akanyamaza, halafu akasema we mtoto, kava ilikuwa na picha yake kubwa, tanboi, msaidizi wangu wa lori, aliwashia jiko kule Salgaa. Mbona hukuniambia? Hukuuliza. Akataka kujua kama kwa simu mtu anaweza pata ule wimbo wa mwisho upande B, pale utepe ulikatika. Jina hakumbuki, mimi pia sikumbuki. Bado nautafuta.