Maswali na Majibu ya Kiingereza: "Put off" na jamaa zake

"Put off" maana yake nini?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara anayeuliza haleti sentensi. Bila sentensi huwezi kujua. Kazi ikiwa "put off", imeahirishwa. Mtu akiwa "put off", huenda ameingia kinyaa au amekatika hamu: "The smell put me off my food." Aliyekuwa akikudai naye unaweza kum-"put off", yaani kumpiga danadana. Mpiga penalti anayezomewa anakuwa "put off" vilevile: amevurugwa akili.

"Put off to pay" au "put off paying"?

"Paying". Baada ya "put off", kitenzi huchukua -ing.

Mwalimu amenikosoa kwa "put off it". Kwa nini, ilhali "put off the trip" ni sahihi?

Nomino, yaani jina la kitu, inakaa popote: "put off the trip", "put the trip off". Kiwakilishi kama "it" au "them" lazima kikae katikati: "put it off". Unapotamka, mkazo uweke kwenye "off". Wanaokariri orodha za maneno bila sentensi ndio wanaonaswa hapa, halafu wanailaumu lugha.

Mkutano wa Jumatano umesogezwa mbele hadi Ijumaa. Niandike "brought forward"?

Usithubutu. Kwetu, ukisogeza siku mbele umeichelewesha. Mwingereza aki-"bring forward" ameiwahisha. Ukiandika hivyo bila kutaja siku mpya, mwenzako anaweza kufika Jumatatu au Jumanne, akute mlango umefungwa. Andika "put off until Friday". Waingereza pia husema "put back to Friday", Wamarekani hupendelea "push back". Kwa hiyo mbele yetu ni nyuma yao, ila saa ya ukutani ina njia yake: mwishoni mwa Oktoba Waingereza waki-"put the clocks back", saa nane usiku inarudi kuwa saa saba. Na "move forward" ikwepe kabisa, maana hata wenye lugha hugawanyika: wengine huelewa mapema, wengine baadaye. Taja siku zote mbili, ya zamani na mpya: "moved from Wednesday to Friday".

Angalia pia "call off". Hiyo ni kufuta. Harusi iliyo "put off" bado ipo, kadi zihifadhiwe. Iliyo "called off" haipo tena, na wachangiaji watadai fedha zao.

"Off the light" ni sawa?

Si sawa. "Off" hapo haina kitenzi. Sema "turn off" au "switch off the light". "Put out the light" nayo inakubalika, ila "put out" huzima moto pia, na "turn off" haizimi moto wa kuni.