Ile Picha ya Koti Jeupe

Mdogo wangu, sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikakasirika, na ya tatu nikalala bila kula. Kumbe huko Moshi mimi tayari ni daktari wa macho, nina kliniki, na wewe unataka kuacha nafasi yako ya optometria, hii kazi ya kupima macho, pale KCMC, hospitali yenye chuo, ili nikuvute huku?

Ni ile picha tu, aliyoirusha mama kwenye grupu la ukoo. Lile koti si langu. Niliazimwa na mpima macho mmoja hapa Ohio, Marekani, mama mtu mzima mwenye roho yake nzuri, anayeniruhusu kila Ijumaa nisimame kwenye kona ya chumba chake nimtazame akipima watu. Silipwi. Simgusi mgonjwa. Nazima taa akisema zima, na naandika saa nilizosimama, maana vyuo vya optometria vinataka uthibitishe kwamba kazi unayoililia umeiona. Kazi inayonilipa ni kuosha masufuria kwenye kantini ya chuo, na hiyo nayo isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Viza ya mwanafunzi ndivyo inavyosema.

Huku hutoki Form Six ukaingia optometria. Wengi tunapiga kwanza digrii ya kawaida, miaka minne, halafu ndipo chuo chenyewe, minne mingine. Mimi bado niko kwenye ile ya kwanza. Mbele yangu kuna mtihani wa kuombea chuo cha optometria unaitwa OAT, na ukidhani utaulizwa macho utashangaa: biolojia, kemia, fizikia, hesabu na ufahamu, labda na lenzi kidogo humo kwenye fizikia. Biolojia na kemia peke yake ni maswali 100 kwa dakika 90. Wewe wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) usiogope fizikia, ogopa ufahamu. Na ukija, kemia ogania usiisome muhula mmoja na mikrobiolojia huku unaosha masufuria. Nilifanya hivyo, nikavuna C ambayo nitaieleza kwa kila chuo nitakachoomba.

Haya, kasomo ni kasomo, tutakasoma. Kinachoniuma ni mdhamini.

Ada ya vyuo vingi inapita dola 40,000 kwa mwaka, na hapo hujala wala hujapanga chumba. Mmarekani anakopa serikalini. Mwenye viza ya mwanafunzi hakopeshwi huko, anaenda benki, na benki nyingi zinataka mtu mwenye uraia au grini kadi aweke sahihi, kwamba ukishindwa kulipa wewe, atalipa yeye. Nilimwendea baba mmoja wa kwetu kabisa, tunasali naye, watoto wake nimewalea bure Jumamosi ngapi. Akasema, “Wewe ni binti yangu, lete karatasi.” Nikapeleka. Tangu siku ile simu yangu haipokei, na kanisani anapitia mlango wa pembeni. Nilimchukia miezi miwili. Sasa simchukii, deni lile lingeweza kumla nyumba. Ila kuosha masufuria hakujawahi kuniumiza kama ule mlango wa pembeni.

Kwa hiyo usije. Baki KCMC, au vuka mpaka uende chuo kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, Kenya, digrii ya optometria ipo na utaanza kupima macho mimi nikiwa bado nahangaika na sahihi. Lakini ukipata chuo kinachokulipia, hata nusu, njoo, usiniulize mara mbili, na pasipoti anza kuishughulikia sasa hivi. Kiwanja cha Bibi kisiuzwe. Nikisikia kimeuzwa kwa ajili ya viza, mimi na wewe basi.

Na kuhusu Bibi. Umesema kwa kucheka kwamba mtoto wa jicho amemziba jicho la pili sasa, na hospitali anakataa kwenda kwa sababu “daktari wangu yuko Marekani, atakuja kunipasua mwenyewe.” Mimi sikucheka. Hata nikimaliza miaka yote hiyo sitampasua. Optometria ni kupima, kuandika miwani, kuligundua tatizo na kumpeleka mtu kwa bingwa, na mtoto wa jicho ni wa huyo bingwa mwenye kisu. Bibi anakaa gizani akinisubiri mimi, na mimi nimeacha picha ile izunguke karibu mwaka mzima kwa sababu ilinipendeza.

Nimekutumia hela kwa M-Pesa, ni za ada ya OAT, usiniulize. Jumatatu mpeleke Bibi KCMC. Akigoma, nipigie akiwa hapo hapo, kwenu ikiwa asubuhi. Huku itakuwa usiku wa manane, nitapokea. Nitamwambia mwenyewe lile koti ni la nani.