Kwa nini 49 ni XLIX, si IL?

SWALI: Binti yangu aliandika 49 kwa Kirumi akaweka IL. Mwalimu akamtia kosa. Aliponiuliza kosa liko wapi, nilishindwa kumweleza kwa Kiswahili nikaishia kuchanganya na Kiingereza. Nimwambieje? Na je, tuseme nambari za Kirumi au tarakimu za Kirumi? La mwisho: niandike Papa Leo XIV au Papa Leo wa XIV? – Mama wa Kahawa West, Nairobi

JIBU: Mama, binti yako ana akili ya hesabu. L ni hamsini, I ni moja. Akaitanguliza I ili apate hamsini kasoro moja. Hapo hajakosea kufikiri. Kilichompita ni kanuni ya kuandika, na kanuni hiyo Kiswahili kinaieleza vizuri sana, kwa sababu maneno yake mawili tunayo mdomoni kila siku: "na" pamoja na "kasoro".

Herufi yenye thamani ndogo ikija nyuma ya yenye thamani kubwa, isome "na". XI ni kumi na moja, XV ni kumi na tano. Ikitangulia, isome "kasoro". IX ni kumi kasoro moja, XL ni hamsini kasoro kumi. Mtoto anayejua saa tatu kasorobo ameshaizoea kasoro tangu utotoni; mkumbushe hiyo kwanza kabla hamjafungua daftari.

Sasa mwambie aitamke 49 polepole: arobaini, na, tisa. Kiswahili kimemgawia makumi upande wake na mamoja upande wake, na ndivyo Kirumi kinavyotaka. Aandike arobaini kwanza: XL. Kisha tisa: IX. Jumla XLIX. IL inaruka makumi na kukimbilia jumla moja kwa moja, nasi hatusemi "hamsini kasoro moja" tunapohesabu. Kwa njia hiyo hiyo, C ikiwa mia, 99 ni XCIX, tisini na tisa, wala si IC. Kaunti yetu ya Nairobi ni ya 47 katika orodha ya kaunti: arobaini XL, saba VII, basi XLVII. Mwaka wa uhuru, 1963, unaanza na elfu moja M, mia tisa CM, sitini LX, tatu III: MCMLXIII. Ukiutamka huku unaandika, mkono unafuata ulimi.

Kasoro ina mipaka yake. I hutangulia V na X tu. X hutangulia L na C tu. C hutangulia D, yaani mia tano, na M tu. V, L na D hazitangulii kupunguza, wala hazirudiwi. I, X, C na M hurudiwa hadi mara tatu. Na jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka: kinachopunguzwa ni herufi moja tu. Nililiona hili kwa mpwa wangu tulipokuwa tukingoja gari mjini. Nilimpa nambari za matatu aziandike kwa Kirumi: 9 ya Eastleigh, 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 111 ya Ngong. IX na XLVI alizipata. Ya Buruburu akaandika LIIX, yaani hamsini, na kumi kasoro mbili. Nikamwambia aitamke. "Hamsini na nane." Nane tunaisema kasoro? Akafuta, akaandika LVIII, na CXI ya Ngong haikumsumbua tena. Jaribu zoezi hilo na binti yako. Nambari za matatu anazijua kuliko zile za kitabuni.

Akikutana na saa ya ukutani yenye IIII badala ya IV, asishtuke. Ni desturi ya watengeneza saa, na Warumi wenyewe hawakuwa na msimamo mmoja: lango la 54 la Colosseum mjini Roma limechongwa LIIII. Darasani aandike IV. Saa hizo zina mtihani mwingine kwetu: mshale mfupi ukiwa kwenye VII, sisi tunasema saa moja, ukiwa kwenye VI, ni saa kumi na mbili. Mfundishe tarakimu kwanza, saa baadaye. Vikifundishwa siku moja, mtoto huamini VII ni moja.

Kuhusu jina: nambari ni ile idadi, tarakimu ni alama inayoiandika. 47 ni nambari moja yenye tarakimu mbili. Kwa hiyo I, V, X, L, C, D na M ni tarakimu za Kirumi. Lakini "nambari za Kirumi" limeenea Kenya, na "namba za Kirumi" Tanzania, nami sioni sababu ya kumsahihisha mtu anayeyatumia. Nikifundisha, mimi husema tarakimu, kwa kuwa somo lenyewe ni la alama.

Swali lako la Papa ndilo ninalolipenda zaidi. Andika Papa Leo XIV, usome "Papa Leo wa Kumi na Nne". Baada ya jina la papa au mfalme, tarakimu huwa imeshaibeba ile "wa" ndani yake, kwa hiyo "Leo wa XIV" inaitaja mara mbili. Yohane Paulo II, aliyefika Nairobi mwaka 1980, 1985 na 1995, husomwa "wa Pili", si "wa Mbili". Lakini Pius XII ni "wa Kumi na Mbili", si "wa Kumi na Pili": kwanza na pili hukaa peke yake, haziungani na kumi.

Nomino za kawaida hazifuati njia hiyo. Hapo -a unganifu (ya, cha, la) lazima iandikwe, maana ndiyo inayobeba ngeli: sura ya IV, kiambatisho cha III, darasa la VII. "Sura IV" ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Wazee wa Nairobi wanakumbuka Hospitali ya Kenyatta ilipoitwa King George VI. Ukiliandika jina hilo kwa Kiswahili, Hospitali ya Mfalme George VI, lisome "wa Sita", na uhakikishe VI iko kwa herufi kubwa. Ikiwa ndogo, msomaji wetu ataona vi- ya viti na vikombe, na atarudi nyuma kutafuta nomino iliyopotea.