Usihame Kwenu Ili Tu Uonekane Mkubwa

Vijana wanaokaribia miaka 30 huniuliza kama ni aibu kuishi bado kwa wazazi. Si aibu, mradi kuna bili moja pale nyumbani ambayo ni yako.

Mimi ni Mbukusu. Kwetu Bungoma, magharibi mwa Kenya, ukubwa una msimu wake: Agosti ya mwaka wa shufwa mvulana anatahiriwa, jamii ikishuhudia. Majirani zetu Wajaluo wana simba, nyumba ndogo ya kijana ndani ya boma la baba yake. Mwenye simba hakuhama kwao, na bado alihesabiwa mwanamume. Hilo tumelisahau. Siku hizi mtu akipata kibarua Kisumu, mshahara wa kwanza unaishia kwenye bedsita, chumba kimoja cha kupanga, mtaani Nyalenda au Manyatta, na mwezi haujafika katikati anaishi kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Ukubwa gani huo?

Hata Katiba ya Kenya ya 2010 inakuruhusu kutulia: mtu mzima ni aliyefikisha miaka 18, na kijana ni yule ambaye hajafika 35. Kwa muda wa miaka 17 wewe ni vyote viwili.

Nilipomaliza chuo nilirudi kwa mama, mikataba ya kazi ikiwa ya miezi mitatu mitatu. Nikachukua bili ya stima. Tokeni zikiisha usiku, anayetafutwa ni mimi. Baadaye nikaongeza unga, na wazee wakaanza kuniuliza maoni yangu kuhusu shamba, jambo ambalo digrii haikuwa imeniletea.

Taja kiasi chako kabla hujaombwa. Ukisubiri, kila ombi litakuja kama dharura: karo, mazishi, dawa za nyanya yako. Mzazi akijua kwamba kila tarehe tano utatuma elfu mbili, atapanga nazo. "Nitaona" humfanya apige simu kila wiki. HELB nayo, bodi ya serikali iliyokukopesha karo ya chuo, usiikimbie, faini yake ni shilingi 5,000 kwa kila mwezi usiolipa. Hama ukishaweza kulipa mkopo huo na kodi bila kukopa tena.

Kwa dada zetu mambo ni magumu zaidi, kwani binti hana simba. Dada yangu analipia mdogo wetu karo, lakini wazee wakikutana kuzungumzia mahari anaambiwa akapike chai. Kwa hilo sina dawa. Nimeanza tu kukataa kuketi kwenye kikao ambacho yeye hakuitwa.