Kaa watakimbia, mashimo hayakimbii

Mwaka juzi, kwenye zile wiki za harusi kabla ya Ramadhani, niliwapaka hina mabibi harusi watatu mfululizo, na wote watatu walinionyesha picha moja kwenye simu. Wa tatu aliponyoosha mkono nikajikuta nachora bila kutazama, kama mtu anayetia sahihi. Kazi ilitoka safi, akalipa, akashukuru. Mimi nilirudi nyumbani na hasira nisiyojua namkasirikia nani.

Kichwa kikikauka, wengi watakwambia utazame kazi za watu zaidi. Nilikuwa nimehifadhi picha zaidi ya elfu, na naamini ndizo zilizonikausha: kila nikishika koni, mkono ulishajua unamuiga nani.

Kilichonitoa hapo ni safari ya Gazi, kule Kwale, kilomita zipatazo 50 kusini mwa Mombasa. Sikwenda kutafuta maua ya hina. Nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu, na asubuhi ya pili akanichukua tutembee ufukweni maji yakiwa yamekupwa.

Pale kwenye mchanga wenye tope kuna vikaa vidogo, kama punje ya harage. Maji yakitoka, kila kimoja hutoka shimoni kwake, kikakwangua mchanga, kikautia mdomoni, kikachuja chakula, kisha kikauacha umefinyangwa kidonge. Kikaa kinakula kikirudi nyuma na mbele, kwa hiyo vile vidonge hujipanga mistari mistari kutoka shimoni kwenda nje, kama miale ya jua, na katikati kinaacha njia wazi ya kukimbilia nyumbani hatari ikija. Ufuo mzima ulikuwa umechorwa hivyo. Nimekulia pwani na sikuwahi kuinama kuvitazama!

Nikatoa simu. Vikaa vyote vikazama.

"Kaa watakimbia, mashimo hayakimbii," shangazi akasema. "Chuchumaa, mwanangu, uangalie."

Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa mbali ile miale inaonekana sawasawa. Kwa karibu, mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine umekatika mahali ambapo kikaa kilishtuka kikakimbia. Na ile njia iliyoachwa tupu ndiyo iliyoupendeza mchoro wote. Mimi nilikuwa nimezoea kujaza mkono hadi pasibaki pa kutia sindano.

Wiki ile ile nilimpaka binti mmoja: nukta nene katikati ya mgongo wa mkono, mistari ya vinukta ikielekea vidoleni, mingine nimeikata makusudi, na upande wa mkono pale saa inapovaliwa nikaacha ngozi tupu. Mama yake aliniuliza kama hina imeniishia. Binti mwenyewe alikataa nisiongeze. (Piko, ile hina nyeusi, nimeiacha, maana rangi ya nywele iliyomo imeshaunguza ngozi za watu. Na hina nyekundu ikiwa peke yake haifichi uchoraji mbovu.)

Ukitaka kujaribu, fuata mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo pwani yetu maji hukupwa mbali sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukikosa leo, kesho usiende saa ile ile. Chukua penseli na karatasi ngumu. Simu iache nyumbani. Nilirudi mara moja nayo, nikapiga picha mia mbili na ushei, na hadi leo sijachora hata ua moja kutoka kwenye zile picha. Penseli inakulazimisha uamue mstari unaanzia wapi. Chagua kitu kimoja tu. Ukiingia kwenye mikoko, usiitazame mikoko yote. Tazama mizizi ya mkoko mmoja inavyojipinda kama matao, au ile ya mchu, aina nyingine ya mkoko, inayochomoza topeni kama penseli zilizosimamishwa.

Jambo la pili nililolipata Gazi ni ususi. Shangazi alinifundisha kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, na kwa mchoraji hakuna shule kama hiyo. Unaloweka chane, vile vipande vyembamba vya majani, kidogo zisikatike, unaanza, unahesabu. Ukiruka chane moja, kosa hulioni papo hapo. Utaliona umeshasuka shubiri nzima na rangi imehama njia. Mara ya kwanza nilifumua nikalia. Mara ya pili nikaliacha, nikaona rangi inapanda ngazi kwenda pembeni, na ngazi ile nimeichora mikononi mwa watu hadi viwikoni.

Kisha nikafanya ujinga. Jirani aliuona mkeka akauagiza, mwenzake naye akaagiza, nikapokea pesa za watu wanne. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nausuka ukili kwa jicho la saa, natumia rangi anazotaka mteja, na nikikosea nafumua. Hina nayo ikarudi palepale, maua ya picha za simu. Mikeka miwili niliimaliza kwa shida, pesa za miwili nikarudisha. Tangu hapo mkono mmoja unatafuta riziki, mwingine nauachia ucheze, na hata nikibembelezwa siuzi.

Mkeka wangu wa sasa una mwaka wa pili. Shangazi kila akipiga simu anauliza umefika wapi, nami namjibu bado kili tatu. Bamvua lijalo nitaupeleka Gazi autazame. Najua ataona kosa la chane kabla sijaukunjua wote.