Mwanangu, ile 720,720 si bahati

Mwanangu, mesaji yako nimeisoma jana usiku hapa Bukavu, umeme ulikuwa umeenda, nikairudia mara mbili kwenye giza. Unasema sanduku la kikundi chenu huko Goma limefika faranga 720,720, mkagawanya kwa watu 13, kila mtu 55,440, hakuna kinachobaki, halafu mkakumbuka mama mmoja mlimsahau, mkawa 14, mkapiga tena hesabu, 51,480, na tena hakuna kinachobaki, wengine wakaanza kusema ni baraka. Unaniuliza, papa, hii ni bahati ao kuna kitu ndani? Kuna kitu ndani, na nimefurahi sana umeniuliza.

Angalia kwanza vile imeandikwa, 720 halafu 720 tena. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili hivyo ni kama umeizidisha kwa 1,001, jaribu 385,385 utaona, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13. Basi 13 yenu ilikuwa ndani tangu mwanzo. 7 nayo imo, na sababu 720 inagawanyika kwa 2, hata 14 imepita.

Sasa 720 yenyewe ni 16 mara 9 mara 5. Hapo ndipo mi napenda hii namba kabisa: na vile vipande sita, 16, 9, 5, 7, 11 na 13, unapata kila namba toka 1 mpaka 16, 12 iko ndani sababu 4 na 3 zimo, 15 sababu 3 na 5 zimo, hakuna inayokosa na hakuna kipande cha bure. Punguza 16 ifanye 8 tu, watu 16 watakuwa na shida. Ndiyo maana chini ya 720,720 hakuna namba, ukiacha sifuri, inayogawanyika kwa zote hizo. Namba zinazoigawa bila baki ziko 240, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo iliyo na nyingi hivyo. Ramanujan, yule Mhindi mtaalamu wa hesabu, aliandika juu ya namba za aina hii mwaka 1915.

Unakumbuka ulivyokuwa unalia tukigawa sambaza, wale samaki wadogo, kwenye sahani, moja ikibaki? Nilikuwa nahesabu 24 mbele ya kuleta, si 23, sababu 24 inakubali watu 2, 3, 4, 6, hata jirani akiingia.

Ila mkifika 17 mjue itakataa: kila mtu 42,395 na faranga 5 zinabaki, sababu 17 ni namba tasa na haimo kati ya vile vipande. Na mtu akiongeza faranga moja tu, ikawa 720,721, gawanyeni kwa 2, kwa 3, mpaka 16, kila mara itabaki ileile moja. Fanya na kalamu, usifanye na simu, kisha uniandikie.

Mama yako anakusalimia, anauliza kama sambaza zilifika.

Papa yako