Umeachiwa notisi ya afya hotelini? Isome kabla ya "kumwona mtu"

Dada mwenye hoteli ya chakula kule Pipeline, Nairobi, uliyeuliza hapa, pole na hiyo notisi. Kama nimekuelewa, bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma, amekuachia karatasi ya siku 14 yenye mambo manne: maji ya jikoni yanamwagika barabarani, ukuta umejaa masizi, wafanyakazi wako wawili hawana vyeti vya afya, na mpangaji wa ghorofa ya kwanza amelalamikia moshi wa makaa. Mwenye ploti naye anakwambia mtaro si shida yake. Unauliza ufunge, utafute wakili au umwone mtu, na karibu wote waliojibu hapo juu wamekushauri umwone mtu, yaani utoe hongo.

Mimi nakataa, na si kwa utakatifu. Nina hoteli ndogo Umoja kwa miaka mingi sasa, na kuna wakati nilikuwa kwenye kamati ya wakazi wa mtaa wetu, kwa hivyo notisi kama yako nimewahi kuipokea, na nyingine nikaomba apewe mtu mwingine. Huyo mtu wa kumwona hana uwezo wa kufuta kilichoandikwa. Nakala ya kaboni imebaki kwenye kitabu cha afisa, jirani wa juu bado anakohoa, na mwezi ujao atatokea mwingine anayetaka kuonwa. Pesa hiyo hiyo inamtosha fundi wa bomba na debe la rangi.

Notisi si hukumu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa uwezo wa kukutaka kwa maandishi uondoe kero ndani ya muda fulani. Muda ukiisha na hujagusa kitu, hapo ndipo anaweza kukupeleka kortini. Sheria yenyewe ni ya 1921, ya enzi za mkoloni, na lugha yake ina vumbi, lakini ukisoma kifungu cha 118 utadhani aliyekiandika alikuwa amesimama mlangoni pako: maji machafu yanayotiririka barabarani, taka zilizorundikwa, mitaro na vyoo vibovu, moshi unaosumbua watu. Wakili wa nini sasa? Muda wa kuhitaji wakili bado.

Pia tofautisha watu. Bwana afya ni mtaalamu wa idara ya afya ya kaunti, ana ofisi kwenye kaunti ndogo yako (Nairobi ina kaunti ndogo 17), na anachokuambia anakiandika. Anayezungumza tu bila kuandika, mshuku. Kwangu aliwahi kuingia jamaa saa ya chakula cha mchana, wateja wamejaa, kitambulisho kinaning'inia shingoni lakini kimegeuzwa, upande wenye picha umelala kifuani. Akadai kizima moto changu kina kasoro ila "tunaweza kuelewana". Nikamwekea kalamu mezani, nikamwomba aandike kasoro yenyewe, jina lake na ofisi yake. Akasema kitabu amekisahau kwenye gari. Mpaka leo anakitafuta.

Tuje kwenye kazi. Vyeti ndivyo rahisi, anza navyo kesho. Kila anayegusa chakula lazima apimwe: mpishi, anayepakua, anayeosha vyombo, hata wewe mwenye hoteli kama siku za msongamano unashika mwiko. Cheti ni cha miezi 6 na kina jina la mtu, kwa hivyo kijana akiacha kazi anaondoka nacho, na kibarua wa kushikilia siku mbili naye anahitaji chake. Mimi tarehe za kuisha nimeziandika kwenye kalenda iliyo juu ya droo ya pesa. Kuna wanaouza vyeti vichochoroni bila kumpima mtu hata joto la mwili. Achana nao. Mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo huku anacheka na wateja, mzima kabisa, na ndiyo maana ya kile kikopo cha sampuli ya choo ambacho wafanyakazi wako wanakionea aibu.

Halafu usidhani kukagua ni kuangalia ukuta tu. Siku moja alikuja afisa mama mmoja, mkimya, hakutazama meza wala picha za mandhari nilizotundika. Alienda moja kwa moja kwenye pipa la maji, akafunua, akapitisha vidole ndani ya ukingo, pale ambapo brashi haifiki. Akaomba kitambaa cha kupangusia meza. Akakinusa. Kisha akauliza maharagwe ya jana yalilala wapi. Mambo hayo matatu yanakuambia karibu kila kitu kuhusu hoteli. Maji yetu ya mgao hukaa siku nyingi kwenye mapipa, na mengine yamekuja kwa mkokoteni kutoka usikokujua. Kitambaa kimoja kinachopangusa meza kumi kinasambaza uchafu, hakisafishi. Na maharagwe au githeri iliyoachwa vuguvugu kwenye sufuria kubwa usiku kucha ndiyo tamu zaidi kwa bakteria: wanazaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, kwa hivyo chakula kilichopikwa kisikae tu hapo kwa zaidi ya muda wa saa mbili. Kigawe kwenye sufuria pana ili kipoe upesi, kiingie friji, na asubuhi kichemke kweli kweli, si kupashwa moto juu juu. Chapati usifunge kwa gazeti, hilo watakuandikia papo hapo.

Na wale wanaosema haya ni mambo ya kunyanyasa vibanda, wakumbuke 2017. Kipindupindu cha mwaka huo hapa Nairobi kiliwakuta hata wageni wa kongamano kwenye hoteli kubwa. Kijidudu hakiulizi bei ya sahani.

Ukuta: sugua masizi, paka rangi ya mafuta inayooshika. Chokaa na rangi ya maji hunyonya mafuta na baada ya wiki uko pale pale.

Moshi sasa. Hapa ndipo kuna mtu wa kumwona, naye ni yule mpangaji wa juu. Panda ngazi, ukae kidogo karibu na dirisha lake saa ile mnapowasha majiko, uone mwenyewe. Kama huwezi kuhamia gesi kwa vyakula vyote, angalau chapati na chai zihamie, na jiko la makaa liondoke verandani liwe na dohani inayopita juu ya madirisha ya watu. Dohani inayoishia chini ya dirisha lake ni kumpelekea moshi kwa bomba. Mkikubaliana, mwambie afisa akija, maana malalamiko yalitoka kwa huyo jirani na kuridhika kwake kunapunguza kazi nusu.

Kuna aliyeuliza kama leseni ya biashara haitoshi. Haitoshi. Tangu 2023 kaunti imeunganisha ada kadhaa, ikiwemo ya usafi wa chakula, zima moto na bango, kuwa kibali kimoja unacholipia mtandaoni, na hilo limetuokoa foleni nyingi. Lakini kibali hakizibui mtaro, na vyeti vya wafanyakazi viko pale pale.

Yule aliyeuliza kuhusu kelele za baa zinazomkosesha usingizi naye nimjibu hapa hapa kwa ufupi. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye mitaa ya makazi yaliyochanganyika na biashara, kiwango cha nje mchana ni desibeli 55, usiku ni 35, na 35 ni kimya cha watu wanaonong'ona. Andika tarehe na saa kila inapotokea, kusanya sahihi za majirani, upeleke barua kaunti na nakala NEMA, ugongewe muhuri wa kupokelewa. Barua ya watu wengi yenye tarehe haipotei kirahisi kama simu ya mtu mmoja mwenye hasira.

Turudi kwako, dada, kwenye mtaro, kwa sababu ndiyo kubwa na ndiyo inayokutisha. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni yako: mafuta. Maji ya kuoshea sufuria yakiingia kwenye bomba yakiwa na mafuta ya moto, yanaganda mbele kwenye baridi na kuziba. Mwombe fundi wa mabati wa Kariobangi akutengenezee kisanduku cha kunasa mafuta, kikae kati ya sinki na bomba. Ndani kina kizuizi: maji yanatulia, mafuta yanaelea juu, maji yanatokea chini. Unakwangua yale mafuta kila wiki, tena usiyamwage kwenye ule ule mtaro. Maganda na mabaki ya sahani yatenge kwenye ndoo yake kabla ya kuosha. Sheria ya taka ya 2022 inataka hivyo, taka zinazooza kando na zisizooza, na kwetu ndoo hiyo huchukuliwa na mfugaji wa nguruwe wa Njiru ambaye hata hadai malipo kwetu.

Sehemu ya pili si yako. Kama bomba la ploti limevunjika, au chemba (shimo la kukagulia maji taka) imejengwa chini ya usawa wa barabara, hiyo ni kasoro ya jengo, na sheria hiyo hiyo ya 1921, kifungu cha 119, inasema kero ikitokana na kasoro ya ujenzi, notisi anapewa mwenye jengo. Mwenye nyumba wako huenda anajua hilo, ndiyo maana anakimbilia kusema si shida yake. Usigombane naye. Weka kisanduku chako cha mafuta kwanza, upige picha, kisha upige picha chemba ikifurika wakati jikoni kwako hamjamwaga tone. Peleka picha hizo na notisi yako katika ofisi ya afya ya kaunti ndogo, umwombe afisa aje akague bomba la ploti nzima, na hiyo sehemu aiandike kwa jina la mwenye jengo. Kama fundi atachelewa, omba kwa maandishi uongezewe muda kabla siku 14 hazijaisha, ubaki na nakala yenye muhuri. Na uwahi asubuhi, kabla ya saa tatu. Baadaye huwa wametoka kwenda mitaani.